Garmin Xero C1 Pro: kidude cha dola 600 kilichoniumbua mimi na risasi zangu

Nianze na jibu kabisa, kinafaa kununuliwa au hakifai, ili mwenye haraka zake aishie hapa. Hiki kidude ni kronografu, yaani kipima kasi ya risasi, bei yake ni dola 600, ukiweka na kodi inapanda zaidi ya hapo, nimekaa nacho tangu msimu wa baridi mpaka sasa na nimeridhika nacho kuliko kitu kingine chochote kilichopo kwenye meza yangu ya kujazia risasi. Na kama unajijazia risasi za raifeli mwenyewe afu huna kronografu ya aina yoyote, iwe hii au nyingine, basi wewe unatia chumvi mchuzi gizani, ipo siku utaionja.

Sasa kwa mwenye muda. Niko Texas. Huku nguruwe pori wamekua balaa kwa wakulima, wanafukua shamba usiku mmoja asubuhi unakuta kama trekta limepita, na tangu Septemba 2019 ukiwa kwenye shamba la mtu na mwenye shamba karuhusu, hao nguruwe hata leseni ya uwindaji huhitaji. Kwa hiyo kitimoto ya bure ipo, kazi ni kuifata. Mimi na mshkaji wangu mmoja Mchaga, tunamwita Mangi, ndo mchezo wetu wa wikiendi huo. Risasi tunajaza wenyewe, na wala msidanganywe kwamba ni kwa ajili ya kubana matumizi, ukipiga hesabu ya mashine, mizani, dai (ile kalibu ya kurudishia ganda umbo), vitabu na vikorokoro vingine hiyo akiba unaiona baada ya miaka, ni raha tu, kama vile kuna mtu akipata Jumamosi anafungua injini ya pikipiki nzima anaisafisha anairudishia na haikua na tatizo lolote.

Kujaza ni hivi: ganda likishapigwa halitupwi. Unalisafisha, unalipitisha kwenye dai lirudi umbo lake, unatoa praima ya zamani (wazee wetu wanaiita fataki, ndo inayowasha baruti) unapachika mpya, unapima baruti kwenye mizani, unamimina, unakandamizia kichwa cha risasi juu yake. Baruti inapimwa kwa greni, na gramu moja ina greni 15 na ushee, kwa hiyo hapo unacheza na vitu vidogo sana. Babu yangu Tabora alikua na gobole, baruti alikua anakadiria kwa kiganja anashindilia na chuma, na alizeeka na vidole vyake vyote kumi. Ukija na akili ya gobole kwenye hizi raifeli za kisasa umekwisha, ile baruti nyeusi na hii isiyo na moshi zimeshea jina tu, undugu hawana.

Kidude chenyewe kina ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea. Kinakuja na kistendi cha miguu mitatu, unakisimamisha mezani pembeni ya bunduki kikitazama kule unakopiga, unakiambia hii ni raifeli, unaandika uzito wa kichwa cha risasi, basi. Ni rada, inaishika risasi ikiwa hewani, kabla hujatoa jicho kwenye darubini namba ishatokea kwenye kioo. Kinasoma kuanzia futi 100 kwa sekunde mpaka 5,000, kwa hiyo hata wa mishale wamo. Chaji yake ni USB-C kama ya simu, na kuna programu inaitwa ShotView inahamishia kila kitu kwenye simu, wastani, tofauti ya juu na chini, tarehe, kila kitu. Niliyokua nayo zamani ilikua ile ya macho mawili unaisimamisha mbele ya mtutu, wingu likipita inasoma upuuzi, jua likiwa kali inasoma upuuzi, na mwisho wa siku nilikuja kuipiga risasi mwenyewe katikati ya jicho. Msinicheke, waulizeni wenye nazo, nusu yao wameshazipiga.

Sasa kilichonifanya niandike yote haya ni asubuhi moja ya mwezi wa saba.

Mwezi wa kwanza, baridi ipo ya kama nyuzi 4, nilitengeneza mzigo wangu (ndo tunavyoita kipimo cha baruti na kichwa chake) wa raifeli yangu ya .308 taratibu kabisa, nikaanzia kipimo cha chini kwenye kitabu cha kujazia nikapanda kidogokidogo, nikasimama kabla ya kikomo. Kidude kikanipa wastani wa futi 2,640 kwa sekunde. Kitabu kwa kichwa hicho na baruti hiyo kikomo chake ni 2,700, tena kwa mtutu wa inchi 24, mimi wangu ni 22, kwa hiyo niko sawa, nimelala usingizi. (Baruti gani na greni ngapi sisemi, msiniulize, kuna mtu atanakili aende kuitia kwenye bunduki yake kesho.) Mwezi wa saba nikarudi renji (uwanja wa kulenga shabaha) na risasi mpya, baruti ileile, uzito uleule, kichwa kilekile. Kilichobadilika ni maganda tu, nilikua nimenunua mfuko wa maganda yaliyotumika kwenye maonesho ya bunduki, ya jeshi, yana kile kialama cha msalaba ndani ya duara kwenye kitako. Nikajisemea shaba ni shaba. Nyuzi 39 hiyo siku, na kisanduku cha risasi nimekiweka juu ya boneti ya pikapu tunapiga stori.

Ya kwanza, 2,731. Nikasema kidude kimekosea. Ya pili, 2,748. Mangi anasema labda kimepata joto. Ya tatu 2,760 na bolti (lile chuma la kufungia nyuma ya mtutu) likagoma kunyanyuka. Nikalipiga na kiganja mara mbili likafunguka, ganda likaruka, na nyuma yake kikadondoka mezani kitu kidogo kama kifungo cha shati. Ilikua praima. Imechomoka yenyewe kwenye ganda.

"Kaka, weka chini hiyo bunduki," Mangi ndo kaanza kusema, na mimi mkono tayari ulikua unaenda kwenye risasi ya nne, mnaona akili ya binadamu ilivyo.

Meza ya pili kulikua na babu mmoja wa kizungu, kofia imechakaa, kakaa na bunduki yake ya zamani hana habari na mtu. Akaja akaokota ganda, akaligeuza kwenye jua, akaniuliza swali moja tu, kasi ngapi? Nikamwonyesha kioo. Akarudisha ganda mezani, akasema hilo ganda halina la kukuambia zaidi ya hiyo namba, nenda nyumbani ukazivunje risasi zote. Nikavunja zote.

Hapa ndo niseme habari ya presha, ile ya gesi baruti ikiwaka, maana ndo kiini cha yote. Kikomo cha .308 Winchester walichoweka SAAMI, ile taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani iliyopo tangu 1926, ni psi 62,000. Tairi la gari lako lina psi 32 au 35. Risasi za saizi nyingine, .30-06 ni 60,000, .270 ni 65,000. Hiyo presha inatokea ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, sentimita chache kutoka kwenye shavu lako, na kinachoizuia isirudi usoni ni bolti na lile ganda lililotanuka likaziba. Na sisi nyumbani hatuna cha kuipimia, wenye maabara wana mtutu maalum wenye kihisio, wewe na mimi tuna macho na kiganja. Kwa hiyo watu tunachofanya ni kuokota ganda na kulisoma, na mimi kwa miaka niliamini najua kusoma maganda, kumbe muda wote nilikua napiga ramli. Ni kama presha ya mwilini, mzee anakuambia mi mzima kabisa mwanangu, anatembea, anakula, anacheka, unamfunga mashine mkononi unakuta 180 kwa 110. Dalili zikianza kuonekana ujue ugonjwa una muda mrefu ndani.

Chukua praima iliyolala bapa. Kila mtu anaijua hiyo, praima ikiwa bado na kona za mviringo uko salama, ikijaa shimo lake lote ikawa bapa kama sarafu umezidisha. Nusu ya kweli. Kuna praima zina chuma laini zinalala bapa hata kwa risasi ya kiwandani isiyo na kosa, na kuna ganda lililosukumwa kupita kiasi kwenye dai likabaki na nafasi ya kuchezacheza kwenye chemba, hapo praima inarudi nyuma kwanza afu ganda linaifata kwa nguvu linaigonga, inatoka bapa na presha ni ya kawaida tu. Au ile kreta, kijimdomo kinachozunguka alama ya pini inayogonga praima, wanasema presha, wakati bunduki yenye tundu la pini pana inakufanyia kreta kwenye kila risasi mpaka mwisho wa maisha yake. Praima iliyotoboka ni habari nyingine, hiyo sijawahi kumsikia mtu akiitetea.

Kinusu mwezi kinachong'aa kwenye kitako, alama ya ejekta (kile kipini kinachorusha ganda nje), hiyo mimi naiheshimu zaidi. Ganda ni shaba nyekundu asilimia 70 na zinki 30, kwa kawaida kitako chake kigumu, na ikifikia limeanza kutiririka mpaka likaingia kwenye tundu la ejekta maana yake umeshapita mahali ambapo kitabu kilikuambia usifike. Ganda langu la tatu lilikua nacho. Herufi za kiwandani zimesuguliwa upande mmoja, nusu mwezi unawaka kwenye jua, na kuzunguka shimo la praima kuna pete nyeusi ya moshi, gesi ilipita hapo. Nikajaribu kupachika praima mpya kwenye lile shimo. Iliingia kwa kidole gumba. Kwa mwenye kujaza risasi hiyo inatosha kukutoa jasho la baridi, praima inatakiwa ikatae mpaka uitumie mashine.

Bolti zito nalo lina mapacha wake. Linaweza kua presha, linaweza kua chemba chafu, mafuta yamebaki kwenye maganda, ganda halijarudi umbo vizuri. Na ile pete ng'avu inayotokea chini juu kidogo ya kitako watu wanaiita presha wakati mara nyingi sio, ni ganda limevutwa sana na sasa linataka kukatika, chukua waya mwembamba wa kubania karatasi ukunje ncha, ipitishe ndani ukwaruze ukutani, ukihisi mfereji tupa ganda.

Unaona tabu ilipo? Kila dalili ina ndugu yake anayefanana nayo asiye na hatia. Ndo maana nasema kidude hiki kimenibadilisha, kwasababu kasi haina ndugu. Mtutu uleule, kichwa kilekile, baruti ileile, kama risasi imetoka na futi 120 zaidi kuliko mwezi wa kwanza basi kuna kitu kimeisukuma zaidi, hakuna kasi ya bure. Bolti zito na kasi ya kawaida, nenda katafute uchafu kwenye chemba au kosa kwenye dai. Bolti zito na kasi imepanda, hiyo ni presha, funga mizigo urudi nyumbani. Na ukiona umepata kasi kubwa kuliko ya kitabu na praima zako ni nzuri usishangilie eti una mtutu mzuri, mimi nilikua mmoja wa hao wanaoshangilia.

Kuna kitu kidogo hapo cha kuangalia, mitutu haifanani, mmoja unaweza kua na kasi kuliko mwenzake kwa mzigo uleule bila kosa, kwa hiyo namba ya maana sana ni ile ya bunduki yako mwenyewe ya siku ulipokua sawa. Usipoitunza huna cha kulinganisha. Hiki kidude kinakutunzia, hapo ndo kimejilipa kwangu.

Uchunguzi wangu ulikwenda hivi, na ulinichukua jioni za wiki tatu. Kwanza nilirudi renji na boksi la risasi za kiwandani za uzito uleule, nikapiga tano. Bolti laini kama siagi, kasi inalingana na ninachopata siku zote kwa boksi hilo. Bunduki haina kosa, chemba haina kosa, kidude hakina kosa. Watu wengi wanairuka hiyo hatua, dola thelathini za risasi zinakuokolea mwezi mzima wa kushuku vitu visivyohusika.

Pili nikavunja zilizobaki, 47, kwa lile nyundo la plastiki, unagonga chini kichwa kinachomoka na baruti inamwagika ndani, gonga gonga gonga mpaka mke wangu akaja kuuliza kama najenga. Kila moja nikapima baruti. Zote ziko sawa, tofauti haifiki hata moja ya kumi ya greni kwa nyingi. Na mizani yenyewe niliihakiki kwa vile vijiwe vya uzito unaojulikana, maana mizani za umeme feni ikipuliza tu zinahama. Kwa hiyo baruti haikuzidi. Hapo ndo nilichoka, maana nilikua nimejiandaa kugundua kosa la kijinga nijitukane nilale.

Tatu, kalipa, nikapima urefu wa maganda. Ganda la .308 urefu wake wa mwisho ni inchi 2.015. Maganda ya jeshi nilikua nimeyapitisha kwenye dai bila kuyakata, mengi yalikua 2.021, 2.022, moja 2.024. Likiwa refu hivo mdomo wake unagonga mwisho wa chemba, unabanwa ndani ukakishika kichwa cha risasi, wakati unatakiwa ukiachie kirahisi. Kuna kipimo cha kizamani cha hili, chukua ganda lililotoka kupigwa, usiliguse, dondoshea kichwa kipya mdomoni. Kikizama chenyewe shingo ilipata nafasi ya kufunguka. Changu kiligoma mdomoni kabisa, kikakaa pale juu kama kizibo. Nikakata yote 2.005.

Nne, nikapima maganda matupu yenyewe. Yangu ya siku zote yanacheza kwenye greni 160 hivi. Ya jeshi, 180. Sasa fikiria, kwa nje yote mawili yanatoshea chemba ileile, hizo greni 20 za shaba zimekaa wapi? Ndani. Ukuta mnene. Yaani mchele uleule maji yaleyale umehamishia kwenye sufuria dogo afu unashangaa linamwagika. Vitabu vyote vinasema ukitumia ganda la jeshi punguza baruti uanze upya, nilishaisoma sentensi hiyo mara mia, nikaijibu kwa "shaba ni shaba".

Tano, joto. Hapa nikarudi chini kabisa kwenye mzigo wa kuanzia wa kitabu, sikutaka ushujaa, nikajaza maganda ya jeshi yaliyokatwa vizuri na maganda yangu, nusu nikaziweka kwenye deli la barafu nusu nikaziweka juani palepale kwenye boneti. Ganda la jeshi lilikua mbele ya langu kwa futi 38. Za juani zilikua mbele ya za kwenye deli kwa futi 57. Baruti ninayotumia ni ile ya vipunje vya duara, inapima vizuri sana, inateremka kama mtama, lakini joto inalisikia. Zipo zilizotengenezwa zisiyumbishwe sana na hali ya hewa, kina Varget na H4350 zinazotoka Australia, nazo sio kwamba hazisikii kabisa, zinasikia kidogo.

Kwa hiyo hakukua na kosa moja. Ganda nene kidogo, mdomo mrefu kidogo, jua kali kidogo, na mzigo ambao tangu mwanzo ulikua karibu na kikomo kwasababu nilitaka kasi. Kila moja peke yake ningeponyoka nisijue. Na ndo inavyokua mara nyingi, mtu anatafuta mchawi mmoja. Kuna wengine kibao ambao safari hii hawakuhusika kwangu, kichwa kimekaa mbele mpaka kinagusa mistari ya mtutu, praima ya magnum (yenye moto mkali zaidi) imewekwa pasipo kwake, pete ya kaboni imejijenga mbele ya chemba kidogokidogo bunduki isiposafishwa, risasi imeachwa kwenye chemba ya moto dakika tano ukipiga stori ikapikwa, kopo la baruti limekaa wazi kwenye hewa kavu ikakauka ikawa kali kuliko ilivyotoka kiwandani. Kubwa kuliko yote ni kuchanganya makopo. Mezani kwangu linakaa kopo moja tu, likiisha kazi linarudi kabatini kabla la pili halijatoka, hiyo sheria haina mjadala hata Mangi akija na bia.

Na wenye bunduki za zamani, .30-30 na .45-70, nyie ndo hii ramli ya maganda haiwahusu kabisa. .30-30 kikomo ni 42,000, .45-70 ni 28,000. Ganda na praima vinaanza kulalamika huko juu sana, kwenye presha za kina .308, kwa hiyo bunduki yako inaweza kua imeshapita uwezo wake mara mbili na praima bado inakuchekea. Yule babu wa renji bunduki yake ilikua ya aina hiyo, nadhani ndo maana alikuja moja kwa moja na swali la kasi.

Turudi kwenye bidhaa. Hiki kidude hakipimi presha, nirudie, hakipimi presha, kinapima kasi, presha unaisoma wewe kwa kulinganisha. Asie na kitabu cha kujazia na asie na kumbukumbu zake za nyuma atabaki kuangalia namba nzuri kwenye kioo. Kama unapiga risasi za kiwandani boksi mbili kwa mwaka wakati wa paa, usinunue, azima kwa mtu. Kama hela imebana zipo za macho mawili za dola mia na kidogo, zitakusumbua na mwanga ila zinakupa jibu, na zipo za kufunga kwenye mtutu zinazosoma kwa sumaku, hizo zinasoma vizuri ila uzito wake unabadilisha risasi inakogonga kwa hiyo siku ya kupima kasi sio siku ya kupima shabaha. Hii haigusi bunduki, unapima vyote kwa pamoja. Kwenye renji yenye watu wengi pia nimekitumia, jirani anapiga futi mbili pembeni na namba zangu zimebaki zangu.

Dola 600 ni hela nyingi, sikatai, ni tiketi ya ndege nusu ya kwenda Dar. Nilipokua naisita nilikua naona ni kichezeo. Sasa hivi naangalia lile ganda la tatu, nimelibandika ukutani juu ya mashine pamoja na praima yake pembeni kwenye selotepu, naona ningeongeza hata mia.

Mzigo wangu mpya nimeuanza upya kwenye maganda yangu ya zamani, yote yamekatwa, uko futi 2,615 kwenye deli na 2,650 juani, bolti linanyanyuka kwa kidole kimoja, na nguruwe wawili wa wiki iliyopita hawakulalamika kwamba ni polepole. Maganda ya jeshi yamo kwenye kopo la rangi, nimeandika juu yake kwa maka YA JESHI PUNGUZA, herufi kubwa.

Kidude chenyewe kwa sasa hakipo kwangu. Mangi amekiazima tangu Jumapili ya juzi, anasema anataka kuangalia .270 yake ambayo kwa miaka minne amekua akituambia ina mtutu wenye kasi kuliko wote Texas. Jana kanitumia picha ya kioo, 3,190, bila maneno yoyote. Nimempigia simu mara tatu hapokei, nadhani yupo gereji anagonga nyundo.